Programu ya tiketi za boti: nimepiga hodi tatu, batani haikuitika

Jina la kampuni silitaji. Kisiwa chenyewe hichi kidogo, boti nnapanda kila baada ya miezi miwili mitatu, sitaki siku nafika bandarini Malindi, hapa Unguja, na mabegi yangu mtu ananitazama vibaya getini. Halafu haya nnayotaka kusema wala sio ya kampuni moja tu, utayakuta kwenye programu za benki, za kuagizia chakula, za kulipia umeme, kila pahala. Mie kazi yangu ni kutengeneza tovuti, zaidi za nyumba za wageni za huko Paje na Jambiani na ofisi mbili tatu za mjini, kwa hiyo rivyu hii itakuwa na maneno ya kifundi kidogo, mtanistahamilia.

Ilikuwa usiku wa kuamkia Alkhamis. Bimkubwa anataka kwenda Wete, kule Pemba, mtoto wa dadaake anaolewa, apande boti ya asubuhi ashukie Mkoani halafu achukue gari mpaka Wete. Mie nimekaa barazani kwetu Mpendae, mtandao unakuja unaondoka, nimeshajaza kila kitu, jina, namba ya kitambulisho cha Mzanzibari, daraja la kawaida, kiti cha dirishani maana bila dirisha bimkubwa anatapika kabla hata boti haijakipita kisiwa cha Prison. Nikabonyeza LIPIA. Kimya. Batani imekaa vile vile, kijani ile ile, maandishi yale yale, haikubonyea, haikufifia, haikusema kitu. Baada ya sekunde kumi na kitu kikatokea kile kidirisha cha kuweka namba ya siri ya pesa za simu, nikaweka, kikaondoka, nikarudi kwenye programu nakuta LIPIA inanitizama usoni kama hatujawahi kuonana. Meseji ya kuthibitisha haijaja. Sasa wewe ungefanya nini? Nikabonyeza tena. Kidirisha kikaja tena, nikaweka namba ya siri tena, nikasubiri, kimya, nikabonyeza mara ya tatu, na hiyo ya tatu ikakataliwa kwa sababu salio limekwisha, na ndo mara yangu ya kwanza maishani kumshukuru Mungu kwa kukosa pesa. Dakika mbili baadae meseji mbili zikaingia kwa mpigo, umelipa, umelipa. Abiria mmoja, kiti kimoja, kimelipiwa mara mbili.

Najua mtaniambia ungesubiri meseji kwanza, una haraka ya nini. Sawa. Lakini sie sote tumelelewa hivi, ukienda nyumba ya watu unapiga hodi, ukiitikiwa karibu unaingia, ukiambiwa subiri kidogo navaa unakaa barazani unasubiri hata nusu saa huna neno. Usipoitikiwa unapiga tena. Ya tatu ikiwa kimya unaondoka zako. Mie nimepiga hodi tatu kama nilivyofunzwa, kumbe mwenye nyumba yumo ndani, hodi zote kazisikia, na kila moja kaiandikia bili!

Hapa ndipo penye tatizo lenyewe, kwa hiyo nikae hapa kidogo. Watu wengi, na mafundi wengi pia wallahi, wanadhani batani ni mchoro mmoja, unachagua rangi, unazungusha kona, unaandika LIPIA, umemaliza. Batani moja kwa kweli ni batani sita au saba zilizokaa pahala pamoja na kila moja ina wakati wake wa kuonekana. Iko ya kukaa tu haijaguswa. Iko ya mausi imepita juu yake, sie tunaiita hova. Iko ya fokasi, yaani kibodi imesimama hapo na ukipiga Enter itafanya kazi. Iko ya kubonyezwa, ile nukta kidole kimegusa na hakijaondoka. Iko ya kufungwa, huwezi kuitumia kwa sasa. Iko ya kushughulika, imekuskia na inafanya kazi, tulia. Na iko ya kumaliza au kukosea. Hali zote hizo unazipa sura kwenye CSS, ile lugha ya kupanga rangi na umbo la ukurasa, na sio ufundi wa juzi: toleo la kwanza la CSS la 1996 lilishakuwa na hali ya linki ambayo hujaifungua, uliyokwisha kuifungua na unayoibonyeza sasa hivi, na toleo la pili la 1998 likaongeza hova na fokasi. Mambo haya yana umri wa mtu mzima aliyeoa akaacha akaoa tena. Ati mwaka huu mtu anatoa programu ya kupokea pesa za watu na batani yake ina sura moja.

Ntakwambia kitu kilichoniudhi zaidi. Kuna kipimo cha zamani sana kwenye fani hii, ukigusa kitu kikajibu ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde unahisi umekigusa mwenyewe kwa mkono wako, ikifika sekunde moja unaanza kuhisi unasubiri, ikifika kumi akili ishahama iko kwengine. Sasa malipo ya simu hayawezi kukamilika ndani ya sekunde moja, yanakwenda kwenye kampuni ya simu, yanasubiri uweke namba ya siri, yanarudi, na mtandao wetu mnaujua. Hilo halina lawama. Lakini batani kubadilisha sura haihitaji mtandao! Haiendi popote. Inafanyika humu humu kwenye simu, kidole kikigusa tu rangi inazama kidogo, kikiondoka maandishi yanageuka kuwa "Tunasubiri malipo, angalia simu yako" na batani inajifunga isipokee tena. Hata mtandao ukikatika kabisa hiyo sehemu ya kwanza itafanya kazi. Yaani pesa zangu zimekatwa mara mbili kwa kukosekana mistari kumi na tano ya kodi, yaani maandishi yanayoendesha programu, sisemi ile kodi ya mapato. Na seva, ile kompyuta ya kampuni inayopokea oda, nayo ina makosa yake, kwa sababu hata batani ikifungwa mtu anaweza kufunga programu akafungua upya, kwa hiyo kule nyuma lazima kila oda iwe na namba yake, ikishalipiwa mara moja ya pili irudishwe. Lakini hayo ya nyuma abiria hayaoni. Abiria anaona batani.

Haya, viti.

Ramani ya viti ni kitu nilichokifurahia mwanzo, imechorwa vizuri, dirisha liko wapi, choo kiko wapi, mlango uko wapi. Halafu ukitazama vizuri kiti kitupu ni kijani, kiti ulichokichagua ni kijani iliyokoza, na kiti kilichokwisha kuchukuliwa ni kijani iliyochanganyika na kijivu. Kijani tatu! Mchana mie niko Darajani jua la utosini nimeweka mkono juu ya simu kama napiga saluti, wallahi sioni tofauti. Nkampelekea ami yangu, yeye nyekundu na kijani hazijui tangu mtoto, anajua embe limeiva kwa kulibonyeza. Akanambia hii boti yote imejaa. Nkamwambia ami, viti ishirini hapo vitupu. Akasema basi labda nyie mnaona vyengine.

Kanga mbili zinaweza kuwa na rangi moja na mji mmoja, ule mchoro wa katikati, na mama zetu wanazitofautisha kwa jina lililoandikwa, hakuna anayeingia dukani akatizama rangi peke yake. Kwenye skrini ni vile vile, rangi iwepo lakini iwe na mwenzake. Kiti ulichochagua kiwekwe tiki katikati, kilichochukuliwa kipigwe mkasi wa mistari miwili, kitupu kibaki na namba yake tu, na mpaka wa kiti ulichochagua uwe mnene. Iko miongozo ya kimataifa ya kufanya tovuti zitumike na watu wote, inaitwa WCAG, na toleo lake la 2018 linataka vitu kama hivi, mpaka wa batani, tiki, alama inayoonesha hali, viachane na rangi iliyo jirani yake kwa uwiano wa mwangaza wa angalau 3 kwa 1. Maandishi ya kawaida yanatakiwa 4.5 kwa 1. Hivi vitu vinapimika, viko vipimio vya bure, unaweka rangi mbili unapewa namba. Nikapima kijani yao ya kwanza na ya pili, ikaja 1 na kitu. Yaani kimahesabu wamechora kitu kile kile mara mbili.

Fomu ya jina na kitambulisho. Hapa niseme kwa ufupi. Ukigusa kile kisanduku cha namba ya kitambulisho ukaandika tarakimu ya kwanza tu, kisanduku chote kinageuka chekundu na maandishi "Namba si sahihi". Bwana we, sijamaliza! Ni kama yule mwalimu wa chuo cha Qur'an anayekushushia bakora hujafika nusu ya aya. Tarakimu ya pili nyekundu, ya tatu nyekundu, mpaka ya mwisho ndo inakuwa kijani, na bimkubwa akijaza mwenyewe hafiki ya tatu, anairudisha simu anasema imeharibika. Dawa yake ipo na rahisi, CSS siku hizi ina hali inayoitwa :user-invalid, inasubiri mtu amalize kuandika na atoke kwenye kisanduku ndo imhukumu, na tangu mwisho wa 2023 brauza zote kubwa zinaielewa.

Halafu batani ya ENDELEA. Hii nayo ni kinyume cha LIPIA, yenyewe hali ya kufungwa inayo, imefifia, kijivu, ukibonyeza haifanyi kitu. Sawa, imefungwa. Kwa nini? Haisemi. Nimejaza kila kitu, nimerudi juu, nimeshuka chini, nikafuta jina nikaandika upya, nikadhani labda ni ile herufi ya kwanza kubwa. Dakika saba nzima. Kumbe chini kabisa, chini ya batani yenyewe, ukisukuma ukurasa, kuna kiboksi cha kutiki kwamba umekubali masharti ya safari. Kiboksi chenyewe kidogo kama punje ya mtama, na vidole vyangu hivi vya mla muhogo mara tatu nimegusa pembeni. Toleo la WCAG la 2023 limeweka kima cha chini cha kitu cha kuguswa kuwa pikseli 24 kwa 24, na hapo bado ni kidogo kwa kidole cha mtu mzima, mie kwenye kazi zangu naweka 44 au 48. Na tena maandishi ya pembeni "Nimekubali masharti" ukiyagusa hayatiki, lazima uguse punje yenyewe.

Kuna mjadala kwenye fani yetu kama batani ifungwe kabisa au iachwe wazi. Miongozo yenyewe imeiachia batani iliyofungwa isitimize ule uwiano wa rangi, na Material Design, miongozo ya Google ya kuchora programu, maandishi ya kitu kilichofungwa wanayapunguza mpaka asilimia 38, kwa hiyo kufifia sio dhambi. Ila mie siku hizi siifungi. Naiacha wazi, mtu akibonyeza namwambia "Bado hujakubali masharti" na ukurasa unampeleka pale pale penye kiboksi. Kwa sababu batani ukiifunga kwa lile neno disabled, kibodi inairuka kabisa, na mtu asiyeona anayesikiliza skrini kwa sauti akipita kwa kitufe cha Tab, kile cha kuruka kutoka kitu kimoja kwenda chengine, hata hatojua kama batani ipo. Duka likiwa limefungwa japo bandika karatasi mlangoni, nimekwenda kusali narudi.

Sasa la kibodi, na hili kwa kweli nisingelijua kama tachipedi ya laptop yangu isingekufa. Imekufa kwa chai ya maziwa, siwezi kumlaumu mtu. Nikaona si neno, nitatumia Tab. Nikafungua tovuti yao kwenye laptop, nikapiga Tab, sioni kitu. Tab tena, sioni. Niko wapi? Nikapiga Enter kubahatisha, nikafungua ukurasa wa "Kuhusu sisi". Nikarudi, Tab, Tab, Tab, Enter, nikabadilisha lugha. Ni kutembea Mji Mkongwe usiku umeme umekatika, vichochoro unavijua lakini ukuta unaukuta kwa pua. Nikafungua kodi ya ukurasa nitizame, na kama nilivyodhani, mstari wa juu kabisa kuna outline: none, yaani mtu kaondoa ule mstari unaozunguka kitu chenye fokasi, kwa kila kitu, ukurasa mzima, na hajaweka chengine.

Najua kwa nini wanaondoa. Mteja anabonyeza batani kwa mausi anaona kimstari cha bluu, anasema nini hichi, kiondoe. Hata mie nishawahi kuondoa, miaka hiyo, Mungu anisamehe. Lakini sababu hiyo ishakufa. Ipo hali inaitwa :focus-visible, brauza yenyewe inaangalia, kama batani umeigusa kwa mausi mstari hauoneshi, kama umefika kwa kibodi unaonesha. Chrome wameiweka tangu 2020, Firefox 2021, Safari 2022. Mteja wako anayechukia mstari hatouona, na anayeuhitaji anauona.

Na usidhani kibodi ni ya watu wachache. Yuko dada mmoja wakala wa tiketi, kibanda chake njia ya kushukia bandarini, anakata tiketi kwa programu hii hii kutwa nzima. Kabla sijalalamika kwa kampuni nilipita kwake kwanza. Nikamkuta anafanya kazi mausi kaisukuma kule pembeni juu ya daftari, nikamuuliza unaonaje fokasi iko wapi mbona haioneshi. Akacheka. Akanambia, "Kaka yangu mie nahesabu. Jina, Tab mbili, kitambulisho, Tab moja, daraja, halafu Tab nane, Enter." Kahifadhi! Kama sura ya Qur'an, kaihifadhi kichwani. Na akanambia juzi walipoongeza kisanduku kimoja cha namba ya simu ya jamaa wa karibu bila kuwaambia mawakala, asubuhi ile kahesabu nane yake kama kawaida akapiga Enter, kumbe ile nane siku hizi ni FUTA. Kafuta fomu za abiria watatu na foleni inafika mlangoni.

Isiwe nasema mabaya tu. Kalenda yao ni nzuri kuliko nyingi nilizoziona, siku zilizopita zimekatwa mstari na hazigusiki, siku ambayo hakuna boti imeandikwa "hakuna" kwa maandishi sio kwa rangi, leo ina kiduara, uliyochagua imejaa. Aliyetengeneza kalenda na aliyetengeneza viti si mtu mmoja, naweza kula yamini. Kiswahili chao cha watu, "Kwenda tu" na "Kwenda na kurudi", sio kile cha kutafsiriwa na mashine. Na tiketi ukishaipata inakaa kwenye simu hata bando likiisha, pale getini wanaisoma bila shida.

Na kingine cha kuwasifu, walinisikiliza. Nilipiga simu, nikapewa kijana mmoja wa ofisini, hakunikatiza, akaniomba nimtumie picha za skrini nikamtumia kumi na moja na maelezo marefu kuliko haya, maskini. Pesa ya bimkubwa iliyozidi ikarudi siku ya nne. Kama wiki tatu baadae programu ikataka kusasishwa, nikafungua nitizame.

LIPIA sasa inaitika. Ukigusa inazama kidogo, kuna kiduara kinazunguka, inaandika "Inashughulikiwa, tafadhali subiri" na inajifunga. Hapo nawapa heko. Kasoro yake ni moja na nimeicheka mpaka watu wakauliza kuna nini. Maneno "Inashughulikiwa, tafadhali subiri" ni marefu kuliko LIPIA, kwa hiyo batani inatanuka, inaisukuma ile iliyo pembeni yake mpaka inashuka chini, na iliyo pembeni yake ni GHAIRI SAFARI, na inapotua ndo pale pale kidole chako kilipo. Mtu mwenye mazoea ya kugusa mara mbili analipa kwa mguso wa kwanza na anaghairi kwa wa pili. Batani ikibadilika hali isibadilike ukubwa jamani, ipe upana wake tangu mwanzo, unaotosha maneno marefu zaidi, au weka maneno marefu chini yake. Mabadiliko yawe ya rangi, ya kivuli, ya maandishi, lakini nyumba isihame.

Wameongeza na hova pia, nadhani kwa sababu nililitaja neno. Kwenye kompyuta nzuri, imekaa kistaarabu, rangi inakoza kidogo tu, Material Design wao wanapaka utando wa asilimia 8 na inatosha. Kwenye simu sasa ndo mchekesho, simu haina mausi, ukigusa kiti hova inaganda, kidole kishaondoka kitambo na kiti bado kimekoza kama kimechaguliwa, na hukukichagua. Kwa hiyo viti vimetoka kijani tatu vimekuwa kijani nne. Dawa yake mstari mmoja, @media (hover: hover), unaiambia brauza hizi sura za hova zipake pale tu penye kifaa chenye mausi ya kweli. Na kila kitu wamekipa mwendo wa pole pole, rangi inachukua zaidi ya nusu sekunde kubadilika, inapendeza mara ya kwanza, ya kumi unataka kuisukuma kwa mkono.

Fomu haipigi tena bakora kabla hujamaliza. Kiboksi cha masharti kimepanda juu ya ENDELEA na maandishi yake sasa yanagusika. Fokasi imerudi, mstari wa rangi ya chungwa unaoonekana hata kwa mbali, na yule dada wa kibandani nilimpitia nikamuonesha, akatizama akasema mzuri, halafu akaendelea kuhesabu.

Kwa toleo la mwanzo ningewapa nyota moja na nusu, na hiyo nusu ni ya kalenda. Kwa hili la sasa nawapa tatu na nusu kati ya tano. Bimkubwa alipotaka kurudi Jumapili nilimkatia mie kutoka huku, nikabonyeza mara moja tu nikaweka simu chini nikakamata kikombe, batani ikazunguka, ikasema imekamilika, meseji ikaja moja.

Viti bado kijani. Ami yangu bado akitaka kwenda Pemba ananipigia simu kwanza, anafungua programu kwake na mie kwangu, halafu ananambia haya, nisomee vitupu.